Mwalimu wa Zamu na Paa la Kilimani

Sitaanza na alizaliwa wapi, wala babu yake alikuwa nani. Sijui, na ningemuuliza angenijibu, "Redio, hilo linatoka kwenye mtihani?" Redio ni mimi. Aliniita hivyo tangu Kidato cha Kwanza kwa sababu, alisema, nasikika hata nikiwa nimezimwa. Yeye sisi tulimwita Mwalimu wa Zamu. Jina lake halisi lilikuwa mlangoni pa ofisi, lakini jua la Hombolo lilishalilamba ikabaki herufi ya mwisho, na herufi moja haitoshi kumwita mtu mzima.

Kila shule ina mwalimu wa zamu. Wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Ndiye anayesimama getini kudaka wachelewaji, anayeonja maharage kabla hatujalaumu mpishi, anayezunguka jioni kufunga madirisha. Ni kazi ambayo walimu wanaipenda kama sisi tunavyopenda kufua soksi. Ijumaa mchana zamu inakabidhiwa mstarini. Anayemaliza anatoa taarifa ya wiki, kisha anasema, "Namkabidhi zamu mwalimu fulani," na mwalimu fulani anajibu mbele ya shule nzima, "Nimepokea." Bila hiyo "nimepokea" zamu haijahama. Ndiyo desturi yetu, niliikuta na nitaiacha.

Tatizo ni kwamba Ijumaa mwalimu fulani hayupo. Ana semina mjini. Ana msiba Haneti. Ana jino. Kuna mmoja wa Historia ambaye jino lake liling'olewa mara nyingi kuliko meno aliyopewa binadamu. Basi mwalimu wetu anaita jina, anasubiri, anatazama kulia, anatazama kushoto kama mtu anayevuka barabara isiyo na magari, halafu anasema kwa sauti ile ile, "Nimepokea." Anajikabidhi mwenyewe. Shule nzima inaangua kicheko. Yeye hacheki.

"Tawanyikeni."

Katika miaka yote niliyomjua, alitafuta kitu kimoja tu: mtu wa kumwambia hilo neno moja. Nimepokea. Wengine wanatafuta cheo.

Alikuwa amechoka, lakini uchovu wake ulikuwa na adabu. Hakulala darasani kama wengine ambao sitawataja kwa sababu bado wanasahihisha mitihani yangu. Alichoka akiwa amesimama. Alikuwa akiandika ubaoni kanuni ya mwendo, anafika katikati, anaegemeza paji la uso ubaoni kidogo tu, halafu anaendelea. Akigeuka, tayari ana alama ya chaki katikati ya nyusi, na sisi tunaingiza ngumi mdomoni. Mimi nilikuwa namwigiza vizuri sana. Siku moja alinikuta mbele ya darasa nikiwa yeye, miwani ya karatasi puani, natazama kulia, natazama kushoto. Darasa likafa ganzi. Akanitazama kwa makini kama anayekagua jaribio la maabara.

"Bega la kushoto lishuke zaidi," akasema. "Ndilo linalochoka."

Akafungua kitabu, akaendelea na mada.

Sasa kilima. Nyuma ya shule kuna kilima cha mawe, na juu yake kuna kibanda ambacho mgeni hukidhania choo. Ndani mna darubini. Watu wa chuo kimoja cha mbali walikuwa wanatafuta mahali pakavu penye giza, na kwa ukavu na giza sisi hatuna mpinzani. Wakajenga kibanda chenye paa la bati linaloteleza juu ya reli mbili, kwa magurudumu ya geti na mota ya geti, kama geti la tajiri lililoamua kulala chali. Jua likizama, paa linafunguka lenyewe. Darubini inaamka, inafuata nyota ilizopangiwa, inapiga picha, inazituma kwa intaneti, na alfajiri paa linajifunga. Hakuna mtu pale juu isipokuwa mzee mlinzi. Wengine wote wamelala. Ndiyo raha yake, aliniambia: "Mwanasayansi wa zamani alikesha. Wa sasa anapaswa kulala."

Wale watu wa chuo walipoondoka waliacha sharti moja. Darubini ikifanya kazi, ibaki Hombolo na wanafunzi wawe na muda wao wa kuitumia. Ikilala bure, watakuja kuichukua.

Programu inayoendesha yote hayo ni huria. Maana yake haina mwenye duka. Yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuipasua tumbo aone utumbo wake, kuurekebisha, na kuwarudishia wengine alichokirekebisha. Vituo vya nyota vya kila aina vinaitumia, vya kwenye vilele vya theluji na vya uani kwa wastaafu wenye mabustani. Kila kipande kina mtunzaji wake, mtu wa kujitolea. Na kipande kinachoamua paa lifunguke au lifungwe kiliandikwa na kutunzwa na nani? Na huyu mwenye chaki katikati ya nyusi. Kwa hiyo alikuwa na zamu ya shule, na juu yake zamu ya mapaa ya dunia.

Asubuhi, kabla hajapata chai, alikuta malalamiko. Fulani wa kisiwani paa lake limegoma. Fulani wa jangwani anauliza kwa nini hakujibiwa jana, na jana ilikuwa Pasaka. Hakuna aliyemwajiri na hakuna aliyeweza kumfukuza, na nadhani hilo la pili ndilo lililomuumiza zaidi. Alikuwa na msemo: "Cha wote kina wenyewe wengi mpaka kiharibike. Kikiharibika kina mmoja." Msemo mwingine, aliousema kwa mlango, kwa bomba na kwa paa: "Ukikuta wazi, funga kwanza, uliza baadaye."

Na tuseme kweli, alikuwa mpole kwa wageni kuliko kwetu. Kwa mgeni aliyeandika upuuzi alijibu, "Ndugu mpendwa, ahsante sana kwa muda wako." Mimi nikiandika upuuzi ule ule kwenye daftari la Fizikia nilipata mstari mwekundu na neno moja: "Kwa nini?"

Mara ya kwanza alipotuonyesha picha za darubini tulitegemea sayari zenye pete na vitu vinavyowaka. Tukaonyeshwa punje za mchele zilizomwagika kwenye sufuria jeusi. Akaweka kidole kwenye punje moja. Hiyo ndiyo nyota aliyokuwa akiifuata mwaka hadi mwaka. Inafifia, halafu inarudi kung'aa.

"Inafanya nini, mwalimu?" nikauliza.

"Inachoka."

"Halafu?"

"Halafu inaendelea."

Mwenzangu Ramadhani, wa Chemba, ambaye akikasirika hutumia lugha ya kwao yenye vidoko, zile sauti za kugonga ulimi kinywani, ili walimu wasijue ametukana nani, alitoa kidoko kimoja kirefu. Mwalimu akamwambia, "Nimekuelewa." Hatukujua kama ni kweli. Tangu siku hiyo Ramadhani akawa anatukana kwa uangalifu.

Adhabu yake kwa wachelewaji ilikuwa kupanda kilima na kufagia reli za paa. Vumbi letu mnalijua: ukifua shati jekundu au jeupe, jioni yote ni dada na kaka. Mchanga ukijaa relini, paa linakwama nusu. Kwa hiyo kila asubuhi kikosi cha wachelewaji, mimi nikiwa mwenyekiti wa kudumu, tulikuwa juu na mafagio ya chelewa. Kichekesho ni kwamba wanafunzi bora, wanaofika kengele haijalia, hawakuwahi kukiona kibanda kwa ndani. Waliokijua kila parafujo ni sisi takataka za shule. Tulijua gurudumu gani linalia na waya gani unapita wapi. Akija kukagua kazi alikuwa akieleza tu, waya kwa waya na mstari kwa mstari wa programu, bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu anayejisomea, na sisi tulisikiliza kwa sababu kushuka mapema ni kuwahi kipindi cha Hisabati.

Hapo ndipo tulipochangia elimu ya anga. Ilikuwa Agosti. Dodoma Agosti ina upepo, baridi la alfajiri na vumbi. Mvua haina hata fununu. Lakini usiku programu ilifunga paa na kuandika taarifa: mvua kubwa. Kesho yake tena mvua kubwa. Mwalimu akasoma, akavua miwani, akatutuma. Juu ya kibanda kuna kidude kidogo kama sahani, kikiguswa na maji kinajua mvua imeanza. Ramadhani akapanda, akakiangalia, akakinusa kabisa.

"Mwalimu, ni kweleakwelea! Wamejisaidia!"

"Wote?"

"Ukoo mzima, mwalimu."

Wale ndege walikuwa wanarudi jioni kutoka kwenye mashamba ya uwele, wanapumzika pale, na sisi tukapata mvua. Angeweza kufuta tu na kunyamaza. Yeye akawaandikia watunzaji wenzake duniani taarifa rasmi, na leo kwenye maelekezo ya programu ile kuna sentensi inayoonya kuhusu makundi ya ndege wadogo. Hiyo sentensi ni yetu. Wengine wana medali.

Nyingine ilikuwa ya saa. Mzee mlinzi wa kilimani alikuwa akitazama skrini anatikisa kichwa: kompyuta yenu ni mbovu, inasema saa kumi na tisa, saa kumi na tisa imetoka wapi? Mwalimu hakumfundisha mzee. Aliifundisha programu. Akaongeza mahali pa kuchagua saa zihesabiwe kama tunavyohesabu sisi, kuanzia kucha na kuanzia kuchwa. Baada ya muda bwana mmoja wa nchi ya baridi akapabofya kwa bahati mbaya, akaona machweo yanaingia saa kumi na mbili wakati saa yake ya ukutani inasema kingine kabisa, akaandika kwa herufi kubwa kwamba ameingiliwa na wahalifu. Tulicheka mpaka mbavu zikaomba radhi. Mwalimu alimjibu "ndugu mpendwa," akamwonyesha pa kurudisha. Lakini hakupaondoa. "Na wao wajue," akasema, "kuna watu siku yao inaanza jua likichomoza. Ndiyo busara. Nani anaanza siku usiku wa manane, mtu mzima?"

Nimefika kwenye lile jambo ambalo hata mimi sikuweza kulifanyia utani. Mtu huyu aliandika programu ili watu walale, halafu yeye mwenyewe hakuiamini. Mwanzoni aliiamini. Kisha Desemba moja mbuzi akatafuna waya wa kile kidude cha mvua. Kidude kilichokufa hakisemi kimekufa. Kinasema hakuna mvua. Programu ikauliza, ikajibiwa kimya, ikaelewa ni kukavu, ikafungua paa, na mvua ya kwanza ya msimu ikaingia yote. Asubuhi tulimkuta amekaa juu ya jiwe na kioo cha darubini mapajani, anakipuliza maji pembeni kama mtu anayempozea mtoto uji. Hakumgombeza mtu. Hata mbuzi hakumgombeza.

"Kimya si habari njema," akasema. "Kimya ni kimya."

Tangu hapo akaweka sheria mpya. Jua likianza kuzama, programu ya Hombolo inatuma ujumbe kwenye simu yake: "Zamu?" Mtu anatazama mawingu, anatazama upepo, anajibu: "Nipo." Ndipo paa linafunguka. Asipojibu, linabaki limefungwa mpaka kesho. Wenzake wa mbali walimcheka. Mmoja aliuliza, roboti gani inayoomba ruhusa kwa mzazi? Akamjibu kwa Kiingereza chake kilichofunga tai kwamba mvua ya kwetu haibishi hodi.

Basi akajifunga. Jioni zote. Harusini, simu inatetemeka, anasimama kati ya wali na nyama, anaenda nje kutazama mbingu, "Nipo." Kanisani, kwaya inafanya mazoezi, yeye sauti ya nne, anatoka mlango wa pembeni, "Nipo." Tulipokwenda kumzika dada yake kule Haneti, jioni watu wakiwa wamekaa kwenye majamvi kimya, nilimwona anajipangusa udongo mikononi, anainua uso juu, anaandika. Shati lilikuwa limekunjamana mgongoni. Nilikuwa na utani mzuri tu tayari mdomoni, nikaumeza.

Alitafuta wa kumpokea, Mungu ni shahidi. Alimwendea mwalimu wa kompyuta, akajibiwa, "Nitakuja kuangalia, mwalimu," ambayo kwa Kiswahili cha ofisini ni "hapana." Alimwendea wa Jiografia, ana watoto wadogo. Wa Historia, jino. Wanafunzi wenye akili wana masomo ya ziada. Mwisho akasimama mbele yangu relini, mimi na fagio langu.

"Redio. Wewe je?"

"Mwalimu, mimi? Mimi hata mbuzi wa nyumbani hawanifuati!"

Kikosi kikacheka. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo tayari, akateremka.

Ijumaa yake ya mwisho kabla ya kustaafu, alisimama mstarini na shati jipya. Alitoa taarifa ya wiki. Akasema, "Namkabidhi zamu ya shule mwalimu wa Kemia." Wa Kemia alikuwepo, ajabu, akajibu, "Nimepokea." Tukapiga makofi. Mwalimu hakuondoka. Akasema, "Na zamu ya paa la kilimani namkabidhi..." Hapo hakutaja mtu. Alituachia nafasi. Alitazama kulia. Alitazama kushoto. Wadogo wa Kidato cha Kwanza wakaanza kucheka mapema kwa sababu waliujua mwisho wa mchezo. Upepo ukapita na karatasi moja. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma, natazama bega lake la kushoto.

"Haya," akasema. "Nimepokea. Tawanyikeni."

Akahamia kwake Gulwe, kule Mpwapwa kwenye reli ya kati, na paa letu mfukoni.

Taarifa zake zilitufikia kupitia mkewe, ambaye kwenye mkutano wa kwaya alimwambia mama yangu: mwalimu wenu hajastaafu, kahamisha tu ofisi. Ndani hamna mtandao. Jua likishuka anapanda tuta la reli na magoti yake yale, anasimama juu akiinua simu kama mtu anayeanika nguo. Mawingu ya Hombolo hayaoni, kwa hiyo anampigia mlinzi amtazamie, mlinzi naye ana mbwa na shamba. Chakula kinapoa. Usiku anaamka kuhakikisha kama alijibu kweli. "Nikimwambia aache," mama yule akasema, "ananiambia, nimwachie nani?"

Masika mafuriko yakaja Gulwe kama kawaida yake, mtandao ukakatika, na paa la Hombolo likabaki limefungwa usiku baada ya usiku, hata usiku mweupe wenye nyota kama chumvi. Wale watu wa chuo wakampigia mkuu wa shule. Darubini imelala. Likizo ikiisha wanakuja kuifungasha.

Tulikuwa relini habari ilipofika, tunafagia paa lisilofunguka. Ramadhani akatupa fagio. "Sasa tutakuwa tunachelewa kwa ajili gani?"

Hakuna aliyehutubia. Tulikaa chini tukaanza kubishana, na ubishi ndiyo kazi yetu. Kosa la mwalimu, tuliliona mara moja, ni kwamba sheria yake ilijua mtu mmoja. "Zamu?" ilikwenda simu moja, na "Nipo" ilitoka simu moja. Mwenye kufundishwa na Ijumaa zote zile alisahau kuiweka Ijumaa ndani ya programu! Sisi tukaiweka. Majina mengi, kila mmoja na wiki yake, na zamu haihami mpaka anayepokea ajibu "Nimepokea." Asipojibu, inakwenda kwa anayefuata. Wote wakikaa kimya, paa halifunguki, kama alivyotaka mwenyewe. Ilituchukua likizo nzima na laptopu ya maabara yenye herufi moja iliyong'oka, na tuliandika vibaya, tukafuta, tukagombana, Ramadhani akatoa vidoko vyote vya ukoo wake.

Lakini badiliko lolote la kipande kile lazima likubaliwe na mtunzaji wake. Naye ni nani? Tukaogopa. Akijua ni sisi ataandika "Kwa nini?" Tukalituma kwa jina la kubuni, Mkazi wa Kilima, kwa Kiingereza cha kuazima. Mtandao wa Gulwe ulikuwa umerudi, na kesho yake majibu: "Ndugu mpendwa, ahsante sana kwa muda wako." Tulipiga kelele mpaka mlinzi akaja na rungu. Halafu tukasoma yaliyofuata: makosa, makosa, makosa. Alilirudisha. Tukarekebisha, akalirudisha. Mara hii akatupa swali moja tu: mtu akipokea halafu simu ikaisha chaji? Hatukuwa tumelifikiria. Tukalifikiria. Mwisho akalikubali, bila neno la ziada.

Tukaliweka kwenye kompyuta ya kilimani. Wiki ya kwanza ilikuwa ya Ramadhani. Mimi nikatumwa Gulwe kupeleka habari, kwa sababu shangazi yangu yuko Mpwapwa na kwa sababu, walisema, mdomo ninao.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje, anatazama tuta. Amekonda. Bega la kushoto limeshuka kuliko nilivyowahi kuliigiza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Redio." Akanitazama. "Leo unasikika kidogo."

"Betri, mwalimu."

Mkewe akanikaribisha, akaenda jikoni kusonga ugali wa mtama. Mimi habari ninayo, nikaichelewesha makusudi. Nilitaka aone mwenyewe. Akaniuliza masomo, nikamdanganya kidogo. Jua likaanza kuteremka juu ya vilima, naye akashika fimbo.

"Twende juu. Zamu."

Tukapanda tuta. Alipumua kwa mafungu. Juu kulikuwa na kokoto, reli mbili zinang'aa, na mtandao. Akainua simu. Tukasubiri. Jua likagusa kilima. Simu kimya. Akaitikisa. Akaizima, akaiwasha. Jua likabaki nusu.

"Haijauliza," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Redio, haijauliza. Kompyuta imekufa. Au waya. Kimya si..."

"Mwalimu, subiri."

"Nisubiri nini! Kama paa liko wazi?"

Nilijuta kuchelewesha. Nikampigia Ramadhani, nikaweka sauti kubwa.

"Shikamoo mwalimu!" Nyuma yake upepo wa kilimani na kelele za wachelewaji wengine, waliopanda bila kuadhibiwa na mtu.

Mwalimu akaikaribia simu kama anayekaribia nyuki. "Nani yuko hapo?"

"Mimi, mwalimu. Wiki hii zamu ni yangu. Imeniuliza, nimejibu nipo."

"Umetazama mawingu?"

"Nimetazama. Upande wa Haneti kuna moja, limekonda."

"Upepo?"

"Wa kawaida."

"Reli?"

"Tumefagia."

"Gurudumu la tatu?"

"Linalia, lakini linakwenda. Sikiliza." Na tukasikia, Hombolo mpaka Gulwe, bati linateleza juu ya reli, gurudumu la tatu likilia kama mtoto wa paka.

Mwalimu alitega sikio mpaka likasimama. Akanigeukia.

"Yule Mkazi wa Kilima," akasema, "anaandika kama mtu aliyechelewa shule."

"Ulijua?"

"Nani mwingine ataandika kwenye programu ya dunia nzima, 'Paa limenuna'? Nilikubali badiliko, Redio. Lakini kukubali si kukabidhi. Sikujua kama kuna aliyepokea."

"Si useme basi, mwalimu."

Akajisogeza, akasimama wima pale kwenye kokoto, mikono mgongoni. Hakutazama kulia wala kushoto.

"Namkabidhi zamu ya paa la kilimani Ramadhani wa Chemba."

Walijibu wote. Simu ilikwaruza kwa kelele, "Nimepokeaaa!" sauti za wavulana na wasichana, na kidoko kimoja.

Akaendelea kusimama. Nadhani hakujua kinachofuata, kwa sababu kwa zamu ya paa miaka yote hakuwahi kufika hapo. Basi mimi nikashusha bega la kushoto, nikakunja uso kama wake, nikatoa ile sauti yake, ninayoijua kuliko kanuni yoyote ya Fizikia.

"Mwalimu wa Zamu. Tawanyika."

Hakucheka. Alinipa simu nimshikie, akateremka tuta taratibu, fimbo mbele, akaingia ndani.

Nilipofika uani mkewe alikuwa ameshapakua. Tulimsubiri. Treni ya mizigo ikapita ikitikisa mabati ya nyumba nzima, na mwalimu hakutoka. Mama akaenda kuchungulia, akarudi, akafunika ugali wa mwalimu kwa sahani nyingine.

"Amelala na viatu," akasema. Akaitazama simu mapajani mwangu. "Na hiyo ikiita?"

"Haitaita, mama."

Akasogeza mboga katikati. Tukaanza kula.